Tuuzieni Waya wa Kweli: Barua ya Wazi kwa Wenye Maduka ya Vifaa vya Umeme na Mabomba

Kwenu wenye maduka ya vifaa vya umeme na mabomba, wauzaji wa jumla wa Kariakoo, na waagizaji mnaoshusha makontena Bandari ya Dar es Salaam,



Nawaandikia kwa heshima, maana najua mzigo mnaoubeba: pango, kodi, ushuru, mishahara ya vijana wa dukani, na wateja wanaotaka punguzo hata pale ambapo faida haipo. Nawaandikia pia kwa uchungu, kama mama mwenye nyumba yake huku Kimara, ninayebadilisha koki, soketi na holda kwa mikono yangu mwenyewe, na ambaye kila ninapofika kwenye kaunta zenu nalazimika kuwa macho kama mtu anayenunua mbuzi kwenye gunia.

Tuko wengi. Nyumba zetu mnajua zinavyojengwa: msingi mwaka huu, boma mwaka unaofuata, bati zikipatikana fedha, na tunahamia kabla plasta haijafika chumba cha pili. Umeme unasukwa kwa awamu, maji yanaletwa kwa awamu, na fundi wa awamu ya kwanza ukimtafuta awamu ya tatu ameshahamia mkoa mwingine. Koki ikianza kuvuja saa tatu usiku, au soketi ya jikoni ikianza kunuka kuungua, anayebaki nayo ni mwenye nyumba. Fundi mzuri ana kazi kubwa za watu, hatakuja kwa ajili ya mpira wa koki wa bei ya vocha. Ndiyo maana tunajifunza na kufanya wenyewe. Hilo halitakoma, na sioni kwa nini likome.

Hoja yangu kwenu ni moja. Mtu anayejitengenezea nyumba hana mkaguzi wala msimamizi. Kati ya uamuzi wake wa kushika bisibisi na mkono wake kugusa waya, mtu pekee mwenye kujua anayekutana naye ni muuzaji wa duka. Mkimwuzia kitu cha kweli na kumwambia neno la kweli, atarudi nyumbani salama. Mkimwuzia kitu cha uongo, hakuna atakayegundua mpaka ukuta upate moto. Kwa hiyo naomba mnisikilize, hoja kwa hoja.

1. Waya haulingani na namba iliyoandikwa juu yake

Naanza na hili kwa sababu ndilo baya kuliko yote. Waya wa soketi tunaambiwa uwe wa milimita za mraba 2.5, na wa taa 1.5. Waya wa 2.5 wenye nyuzi saba unapaswa kuwa na nyuzi zenye unene wa milimita 0.67 kila mmoja. Piga hesabu ya eneo la duara mara saba, utapata 2.5 kasoro kidogo sana. Sasa chukueni waya unaouzwa kwa bei ya chini kwenye maduka yetu ya mitaani, umenyeni ncha, na mpime uzi mmoja kwa vernia. Mimi nilipima wangu kwenye meza ya jikoni: mpira wa nje mnene, maandishi mazuri ya 2.5 kila baada ya hatua, na ndani nyuzi za milimita 0.5. Saba za namna hiyo hazifiki hata 1.4. Yaani nilikuwa nimenunua waya mwembamba kuliko wa taa, uliovishwa gamba nene ili uonekane wa soketi.

Kuna mbaya zaidi. Kwangua ule uzi kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Uking'aa mweupe chini ya ngozi nyekundu, hiyo ni aluminiamu iliyochovywa shaba. Aluminiamu huzuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba ya unene uleule, kwa hiyo hupata joto mapema. Pia hulegea chini ya skrubu ya soketi, na panapolegea ndipo cheche zinapoanzia. Ukiukunja mara chache unakatika. Mteja anayejitengenezea hawezi kuyaona haya kwa macho akiwa amesimama nje ya kaunta yenye nondo. Ninyi mnanunua kwa rola, mnajua bei mliyochukulia, na mnajua kwamba shaba halisi ya uzito ule haiwezi kuuzwa kwa bei ile.

2. Breka inauzwa kama dawa ya umeme unaojikata

Simameni dukani jioni moja mkasikilize. Mteja anasema breka ya jikoni inajikata kila akiwasha birika na pasi pamoja. Muuzaji anajibu, "Weka kubwa tu, haitakusumbua tena." Anatoa ya ampea 32, anapokea fedha, anamwita mteja mwingine.

Ndugu zangu, breka imewekwa pale kuulinda waya ulio ndani ya ukuta. Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Birika la wati 2,000 huvuta zingine 9. Ongeza friji na jiko la sahani moja, umeshapita 20. Breka ya 20 ikijikata hapo, imefanya kazi yake. Ukiiweka ya 32 juu ya waya wa 2.5 uendao kwenye soketi kwa njia moja, umeme hautajikata tena, na waya utaendelea kuchemka ndani ya bomba lake kila siku bila mtu kujua, mpaka mpira uwe mkavu na kupasuka. Na kama waya wenyewe ni ule wa hoja ya kwanza, wenye 2.5 ya maandishi na 1.4 ya kweli, mmeuza hatari mbili zinazosubiriana kwenye ukuta mmoja.

Swali la kumwuliza mteja huyo ni fupi: "Breka hii inalinda waya wa ukubwa gani?" Akishindwa kujibu, hakuna haja ya kumwuzia breka siku hiyo. Mwambieni apunguze vifaa kwenye laini hiyo, au amwite fundi mwenye leseni amvutie laini nyingine.

3. Waya wa ethi na RCD vimefanywa anasa

Heater za kuogea zimejaa kwenye maduka yenu, zile zinazofungwa juu ya bomba la mvua na kuchemsha maji yanapopita. Nyingi ni za wati 5,500. Hizo ni ampea 24, juu ya kichwa cha mtu aliye uchi, aliyelowa, amesimama kwenye sakafu ya maji. Sijui kifaa kingine cha nyumbani kinachodai uangalifu kuliko hicho. Waya wake unapaswa kuwa mnene, wa 4 au 6 kutegemea urefu na njia unayopita, uwe na breka yake peke yake, waya wa ethi uliofika kweli ardhini, na kikata umeme cha kuvuja, kile ambacho mafundi wanakiita RCD.

Inauzwaje? Inatolewa kwenye rafu na kufungwa kwenye mfuko. Hakuna anayeuliza kama nyumba ina ethi. Nimeona nyumba ambazo waya wa kijani na njano unaishia ndani ya boksi la swichi, umekunjwa na kufungwa tepu nyeusi, kwa sababu fimbo ya shaba ya kuchimbia chini haikununuliwa.

Na wateja wengi wanaamini breka ya kawaida itawaokoa. Haitawaokoa. Breka ya ampea 10 inasubiri umeme upite kiasi cha ampea 10. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na kiasi kidogo kuliko hicho mara mia kadhaa. RCD ya nyumbani inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata kabla hujamaliza kupiga ukelele. Ina kitufe chenye herufi T cha kuijaribia. Ni wateja wangapi mliowauzia RCD mkawaonyesha kitufe hicho?

4. Plagi na adapta zinazoua pini ya tatu

Soketi zetu ni za matundu matatu, za mtindo wa Uingereza. Tundu la juu ni la ethi, na ndilo linalofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini ili mtoto asichomeke msumari. Ninyi mnatuletea pasi, feni na chaja zenye plagi za pini mbili, halafu mnatuachia tuhangaike. Matokeo mnayajua, yapo hata kwenye baadhi ya maduka yenu: kijiti au kalamu inachokolewa kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie. Watoto wetu wameona tukifanya hivyo, nao wanafanya.

Kisha kuna adapta nyepesi, zisizo na fyuzi, zenye bati jembamba ndani kiasi kwamba pini ya pasi ikichomekwa zinalegea na kuanza kuyeyuka. Kuna pia ekstensheni zilizoandikwa ampea 13 ambazo waya wake ni wa kubebea taa. Ukifungua plagi yake unakuta mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha bati. Mtu aliyetengeneza kitu hicho alijua anachofanya. Aliyekiagiza kwa kontena hawezi kusema hakujua.

5. Kwenye mabomba, mnatuuzia vitu visivyotengenezeka

Maji hayaui haraka kama umeme, lakini yanakula nyumba taratibu. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku, na hayo ni lita kadhaa zinazolipiwa bili. Na kuitengeneza ni kazi ambayo mtu yeyote mzima anaweza kuijua. Unafunga koki kuu, unaifungua ile inayovuja ili bomba limalize maji, unafungua shingo yake kwa spana, unatoa kile kimpira kilichokaa mwishoni mwa shina. Utakikuta kimekuwa kigumu, kimechongeka mduara pale kinapokalia. Unaweka kipya cha nusu inchi, unafunga. Basi.

Tatizo ni kupata hicho kipya. Nikiulizia mpira wa koki, naambiwa nunua koki nzima. Nikiulizia valvu ya ndani ya flashi ya choo, naambiwa nunua tanki zima la flashi. Nikiulizia boya la simtanki, naletewa la plastiki ambalo shina lake litakatika mgao ukiisha na maji yakirudi kwa kishindo. Na hiyo koki nzima mpya mara nyingi si brasi. Ni madini mepesi yaliyochovywa kromu, na katika mitaa yetu mingi inayotumia maji ya visima yenye chumvi, kromu inabanduka, mwili unatoboka, na shingo inapasuka siku unapoikaza kwa spana. Uzito wake mkononi unawaambia ukweli. Mnaujua, maana mnabeba maboksi.

Kwenye mabomba ya plastiki ya PPR ni hivyohivyo. Bomba lenye mstari wa bluu, la maji baridi, linauzwa kwa mtu aliyesema wazi kwamba anapeleka maji ya moto bafuni. Alama ya PN inayoeleza shinikizo ambalo bomba linaweza kulihimili haitajwi kabisa. Mteja anauliza bei ya nusu inchi, anapewa nusu inchi yoyote. Kisha anaazimwa mashine ya kuunganishia bila kuambiwa kwamba inapaswa kufika joto la nyuzi 260, kwamba bomba la milimita 20 linahitaji sekunde 5 tu, na kwamba akizidisha, plastiki inavimba kwa ndani na kuziba nusu ya njia. Analaumu presha ya maji ya mtaani kwa kosa lililoanzia kwenye kaunta.

6. Risiti haisemi kitu, na bidhaa haipokelewi tena

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiniuzia waya wa 2.5, sheria inataka uwe wa 2.5. Lakini risiti ninayopewa imeandikwa "hardware" au "vifaa", na jumla. Haina ukubwa, haina chapa, haina urefu. Ukutani pana bango: bidhaa ikishauzwa haipokelewi tena. Kwa mpangilio huo, anayebeba gharama ya udanganyifu wa kiwanda cha mbali ni mwanamke wa Kimara, mzee mstaafu wa Mbagala, kijana wa Chanika aliyejenga chumba na sebule kwa mkopo wa kikundi.

7. Mnatudharau, na dharau hiyo inatufanya tusiulize

Nikisimama kwenye kaunta nikaomba breka ya ampea 20 na waya wa 2.5, mara nyingi jibu la kwanza ni, "Mama, mlete fundi." Nisingechukia kama lingekuwa onyo la usalama. Lakini kijana huyohuyo atamwuzia mwanaume aliye nyuma yangu kitu kilekile bila swali, na fundi akija ataandikiwa bei ya juu ili apate chake kwenye risiti ya mteja. Kazi ya fundi ninaiheshimu na ninailipia. Kinachonisumbua ni kwamba mtu akidharauliwa mara moja, siku nyingine hatauliza. Ataonyesha kwa kidole, atalipa, ataondoka na kitu kisicho sahihi. Swali ambalo hakuuliza kwa aibu ndilo lililokuwa liokoe nyumba yake.

Najua mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa ana kwa ana.

Mtasema mteja ndiye anayetaka rahisi. Ni kweli tunatafuta nafuu. Lakini mteja anayelipa kidogo apate waya wa 1.5 ulioandikwa 1.5 hajadanganywa. Amechagua, na anaweza kuutumia kwenye taa zake kwa amani. Aliyelipa kidogo kwa waya wa 1.4 ulioandikwa 2.5 hakuchagua chochote.

Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. TBS ipo kwa viwango, Tume ya Ushindani ipo kwa bidhaa bandia, Wakala wa Vipimo yupo kwa urefu na uzito, EWURA inatoa leseni za mafundi umeme. Nazijua, na nazitaka zifanye kazi yake kwa nguvu zaidi. Lakini hakuna mkaguzi atakayesimama kwenye kila kaunta kuanzia Tegeta hadi Gongo la Mboto. Ninyi mko pale kila siku, tangu asubuhi.

Mtasema watu wasiguse umeme kabisa, wawaachie mafundi. Hapa nakubaliana nanyi kwa sehemu, na naomba tuweke mpaka pamoja. Mita ya LUKU na waya unaoingia ndani yake, hakuna wa kugusa isipokuwa shirika la umeme. Boksi la breka, laini mpya, fimbo ya ethi, heater, pampu ya kisima, hizo ni kazi za fundi mwenye leseni. Lakini kubadilisha plagi, holda, au uso wa soketi iliyoungua, swichi kuu ikiwa imezimwa na testa ikiwa imethibitisha kwamba waya umekufa, hayo yanafundishika. Kubadilisha mpira wa koki, hozi ya sinki, boya la tanki, kusafisha mtego wa maji chini ya sinki, hayo hata mtoto wa sekondari anaweza. Mtu aliyefundishwa mpaka huu hauvuki. Aliyezuiwa kila kitu hajui mpaka uko wapi.

Kwa hiyo naomba haya, na naomba yajibiwe kwa vitendo:

Kwanza, kila duka liwe na vernia kwenye kaunta, na waya umenywe na kupimwa mbele ya mteja anayeomba. Kifaa hicho mnakiuza wenyewe. Mwenye waya wa kweli hana cha kuogopa.

Pili, muuzaji asitoe breka kubwa kuliko iliyokuwepo bila kuuliza ukubwa wa waya. Bandikeni ukutani karatasi yenye mistari mitatu: 1.5 kwa taa, breka ya 6 au 10; 2.5 kwa soketi za njia moja, breka ya 20; zaidi ya hapo, mwite fundi mwenye leseni.

Tatu, heater ya kuogea isitoke dukani bila maswali mawili: nyumba ina ethi, na ina RCD? Jibu likiwa hapana, mteja aambiwe wazi kwamba isifungwe mpaka vyote viwepo. Mtauza na RCD, hamtapata hasara.

Nne, waagizaji acheni kuleta adapta zisizo na fyuzi na vifaa vya pini mbili kwa soko la pini tatu. Wauzaji wa rejareja, mkiletewa, zikataeni.

Tano, wekeni vipuri: mipira ya koki, valvu za flashi, maboya, nyuzi za kuzuia uvujaji. Mteja wa kipuri cha shilingi mia tano ndiye atakayerudi kwenu kununua bati.

Sita, risiti iandike aina, ukubwa na chapa, na bidhaa isiyolingana na maandishi yake ipokelewe bila ugomvi.

Saba, kila boksi la kifaa cha umeme liwe na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Tunaletewa maelekezo ya Kichina na Kiingereza katika nchi ambayo bibi na mjukuu wanasoma Kiswahili. Waagizaji, hilo liko ndani ya uwezo wenu siku mnapoweka oda.

Nane, tengeni Jumamosi moja ya mwezi. Fundi mwenye leseni akae mbele ya duka na ubao wenye soketi, breka na koki, awaonyeshe wateja namna ya kuzima, kupima, kufungua na kufunga, na namna ya kujua mahali pa kuacha. Vyuo vya VETA vina walimu na vijana wanaohitaji mazoezi. Wake kwa waume tutakuja, na tutanunua.

Msiniambie kwamba haiwezekani kukubaliana. Mei 2023 mlifunga maduka Kariakoo mkidai haki kwenye masuala ya kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 mlifunga tena. Nchi nzima iliona kwamba mkiwa na neno moja mnasikika. Nawaomba neno hilohilo mlitumie safari hii kwa ajili ya wateja wenu: kwamba waya ulioandikwa uongo hauingii tena kwenye rafu ya mtu yeyote kati yenu. Na kwa kuwa Kariakoo inahudumia wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, mkikataa ninyi, uchafu huo utakosa soko mbali zaidi ya mipaka yetu.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Kuanzia sasa nawaomba wenzangu wote wanaojitengenezea nyumba waende dukani na kisu kidogo na macho yaliyo wazi. Umenyeni waya kabla ya kulipa. Pimeni koki kwa uzito. Ulizeni PN. Daini risiti iliyoandikwa ukubwa. Bidhaa ikiwa bandia, msiishie kulalamika barazani, ipelekeni Tume ya Ushindani au TBS pamoja na risiti hiyo. Wekeni namba 114 ya Zimamoto kwenye simu za wote walio ndani ya nyumba. Na muuzaji atakayewapimia kwa haki, mwambieni jirani, msifieni msikitini na kanisani, mpelekeeni kazi yote ya ujenzi wenu.

Nyumba hizi tumezijenga kwa vikoba, kwa mafao ya uzeeni, kwa fedha za watoto walio mbali. Wanaolala ndani yake ni hao hao tuliowajengea. Mnaweza kutusaidia kuzitunza bila kutoa msaada wala kupunguza bei. Tunachotaka ni namba ya kwenye waya iwe kweli, na kijana wa kaunta aruhusiwe kusema "usinunue hiki" bila kuogopa kufukuzwa. Anzeni na hilo la pili kesho asubuhi. Halina gharama yoyote.

Nasubiri majibu yenu, na nitakuja dukani kuyaona.

Wenu katika ujenzi wa nyumba salama,

Mama mwenye nyumba, Kimara, Dar es Salaam